Vitabu vya Bonde la Um Jon

Mutua hakuingia dukani. Duka letu la Sulimaniyah, hapa Riyadh, ni la abaya, ndani ni wanawake watupu, na dereva mwanamume anajua mahali pake ni nje hata kama jua linamchoma. Alinipigia simu kutoka ng'ambo ya kioo. Ninamwona kabisa, amesimama kando ya gari na simu sikioni, ananipungia mkono. "Mama Rukia, toka kidogo." Nikamwambia nina abaya ya mtu kwenye cherehani, angoje nimalize pindo. Akasema, "Malizia tu. Si ya haraka tena." Hapo mkono wangu ukasimama, kwa sababu huyu ni mtu niliyemjua miaka mingi, na kila kitu kwake ni cha haraka. Nilitoka na uzi bado umening'inia kwenye mkono wa nguo. "Mama Kubwa ametutoka," akasema. "Jumapili. Walimzika siku hiyo hiyo baada ya Asri." Kisha akanipa mfuko wa duka la dawa, na ndani kulikuwa na kijitabu chembamba cha jalada la kijani, kijani kilichochoka kama shuka iliyoanikwa sana. Nikakijua kabla sijakitoa. "Alisema ni chako," Mutua akaniambia. "Alisema zamani, bado akiwa anaongea vizuri. Mimi nimekiweka tu kwenye gari, nikingoja." Nikasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, nikakaa kwenye kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi, na nikakaa hivyo mpaka mwenye duka akatuma msichana aje aniangalie.

Nilifanya kazi za ndani kwa kina Mama Kubwa miaka miwili, lakini ule ninaoukumbuka kwa jina ni wa pili, mwaka wa vitabu. Ya kwetu Mumias, na yaliyonitoa huko kunileta Riyadh, ni yale yale ya wanawake wengi, kwa hivyo nayaacha. Nyumba ilikuwa Suwaidi, ya ghorofa mbili na ukuta mrefu, na chumba cha Mama Kubwa kilikuwa chini, mlango unatazamana na jikoni. Tulimwita Mama Kubwa kumtofautisha na madam, mke wa mtoto wake. Chumba kilikuwa na AC ya zamani ya dirishani, inanguruma kama posho mill ya kwetu, lakini alikataa ibadilishwe, ati ile mpya haimwambii kama inafanya kazi. Magodoro ya kukalia yalizunguka kuta tatu. Ukuta wa nne ulikuwa na kabati la vioo. Rafu ya juu kulikuwa na birika za kahawa, chupa za marashi na kifukizo, kama nyumba yoyote ya huko. Rafu mbili za chini zilikuwa na vitabu, na vitabu vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Vingi vilikuwa vyembamba, vimebanwa kwa pini tu kama daftari za shule. Vichache vilikuwa vya jalada gumu. Na vyote, kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, vilikuwa vinaongea habari za bonde moja la mashambani huko Uingereza, bonde ambalo hata Waingereza wenyewe nadhani wengi hawalijui.

Siku ya kwanza ya vitabu nilikuwa nafuta vumbi. Nilifungua kimoja nione picha, nikakuta kitabu kizima kinahusu daraja. Daraja moja la mawe. Nani alilijenga, mawe yalitoka wapi, siku gani punda alianguka kutoka pale. Nikafungua kingine, kinahusu shule ya kijiji. Kingine kinu cha kusaga ngano. Kingine mwaka ambao mto uliingia kwenye nyumba za watu, na hicho nikakishika kidogo, kwa sababu sisi wa Nzoia tabia ya mto tunaijua. Mimi nilikuwa nadhani historia ni ya wafalme na vita. Darasa langu lilikuwa la jioni, ngumbaru kama tunavyosema Kenya, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni, na mwalimu alitufundisha nani alipigana na nani. Hakuna aliyetuambia daraja linaweza kuwa na kitabu chake. Nikasikia sauti ya Mama Kubwa nyuma yangu, amekaa pembeni na miwani yake myeusi. "Zainab. Karatasi inapiga kelele. Unasoma?" Nikamwambia kidogo, Mama, Kiingereza cha darasa la jioni. Akasema, "Kidogo ni kizuri. Wajukuu wangu wanasoma kingi, wanakimbia kama wanafukuzwa. Kaa chini."

Macho yake yalikuwa yanaondoka mwaka huo. Daktari alikuwa ameshasema hakuna cha kupasua wala cha kuweka, ni matone tu, na matone tuliyaweka kwenye friji ndogo pamoja na tende na insulini. Kwa hivyo kila siku baada ya swala ya Asri, nikishamaliza vyombo vya mchana, nilikwenda chumbani kwake na birika la kahawa, nikakaa karibu na dirisha, nikasoma mpaka adhana ya Magharibi. Nilisoma kwa Kiingereza, kidole chini ya mstari, na yeye alisikiliza kwa Kiingereza, kile alichojifunza huko huko bondeni akiwa bi harusi mdogo. Tukikwama tulisaidiana kwa Kiarabu cha jikoni. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu. Siku moja ng'ombe alizama mtoni kwenye kitabu, na mimi nikasema, "Maskini." Akainua uso. "Imeandikwa maskini?" Nikasema hapana, Mama, nimeongeza mimi. "Basi toa. Usiongeze, usipunguze. Mwenye ng'ombe angetaka kusema maskini angesema." Nikarudia mstari bila huruma yangu. Baadaye nilikuja kuona kwamba ng'ombe akizama bila mtu kumsikitikia kwa maneno, unamsikitikia zaidi.

Habari za kule alinipa kidogo kidogo, katikati ya kurasa. Mume wake alikuwa amepelekwa kusomea magonjwa ya kondoo. Walikodi vyumba viwili kwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa mama mmoja aliyemwita Um Jon, kwa sababu mtoto wake mkubwa aliitwa Jon, na Mama Kubwa hakujua njia nyingine ya heshima ya kumwita mwanamke mwenye mtoto. Yule mama naye akalipenda hilo jina. Hata kwenye kadi alianza kujiandika hivyo. Ndiye aliyemfundisha kuoka mkate wenye zabibu, na mkate huo nilikuja kuuoka mimi kila Ijumaa kule Suwaidi, Mama Kubwa akinielekeza kutoka mlangoni kwa pua tu. "Umeungua." "Bado, Mama." "Umekaribia." Madam aliuita mkate wa mawe, lakini nilimwona akiula akiwa amesimama mbele ya sinki, akidhani niko nje naanika. Um Jon alikuwa mtu wa kuandika. Yeye na majirani zake walikuwa na kikundi, wanakutana kwenye ukumbi, kila mmoja anaandika jambo moja la bonde, wanachapisha kijitabu. Mama Kubwa aliniambia, "Huyo mama, geti likianguka anaandika. Mbwa akifa anaandika, na sababu anaandika." Na kila kilipotoka kipya alikituma Riyadh, miaka na miaka, na mume wa Mama Kubwa alimsomea mkewe hapo hapo kwenye godoro nilipokuwa nakaa mimi. Mpaka alipougua. Kijitabu cha mwisho kilifika wiki aliyoingia hospitali. Hakutoka. Kikabaki ndani ya bahasha yake, hakikufunguliwa, kimelazwa juu ya vingine. Mimi nilipotaka kuanza na hicho, kwa sababu ni kipya, Mama Kubwa akaweka kiganja juu yake. "Hiki mwisho," akasema. "Tuanze na daraja."

Basi tukaenda hivyo, daraja, shule, kinu, kanisa na kengele zake, mafuriko. Mimi ni Mwislamu na ninaswali, na sikuona shida kusoma kengele za watu. Ni mambo ya kijiji chao. Kitu kilichonishangaza ni kwamba nilianza kuona kwetu. Nikipika, nikifua, nawaza kijito cha nyuma ya nyumba yetu, nani alikiita jina lile, na lile jiwe ambalo wanawake wanaanikia nguo, lilitoka wapi. Nilimpigia Rukia, alikuwa bado shule ya msingi, nikamwambia amuulize bibi yake. Rukia akasema, "Mama, mimi nakuuliza utakuja lini, wewe unaniuliza habari ya jiwe?" Nikamwambia nitakuja, mkataba unaisha. Na kweli ulikuwa unaisha.

Habari ya kuhama niliisikia nikipakua chakula. Kabsa, ule wali wao wa nyama, ilikuwa mezani, mimi niko nyuma ya pazia la jikoni na sahani ya saladi. Bosi, mtoto wa Mama Kubwa, alikuwa amepewa kazi Jeddah. Madam alikuwa anahesabu vyumba vya nyumba mpya, ni apatimenti, haina uwanja. "Na vile vitabu vya mama vinaenda kufanya nini?" akauliza. "Jeddah ni unyevu tupu. Vitaoza, vitanuka, mwishowe tutatupa." Bosi akasema, "Ni vya baba." "Baba alishavimaliza, Allah amrehemu." Nikasikia kijiko kwenye sahani. Kisha bosi akasema, "Abir, acha viende." Sikuwahi kumsikia akimkata neno mkewe hivyo, na hakupaza sauti. Siku iliyofuata madam akaniita kwa upole tu, hakuwa mtu mbaya, akaniambia tikiti yangu ya nyumbani itakatwa kutoka Jeddah. Niwasaidie kufungua mizigo, halafu halas, basi, niende kwa mtoto wangu. Nilifurahi. Nikaenda kumwambia Mama Kubwa huku nikiwa bado nafurahi, na yeye akaniambia nifunge mlango.

"Kile cha bahasha," akasema, "kinahusu mashamba ya kando ya mto. Um Jon aliniandikia kwenye kadi kabla hajakituma. Ameandika kila shamba." Nikasema vizuri, Mama, tutakisoma. Akasema, "Kwenye shamba moja kuna binti yangu." Alisema kwa sauti ile ile ya kuagiza kahawa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kule kwenye baridi ya theluji, akaishi siku chache. Barabara zilikuwa zimefungwa, Waislamu wa karibu walikuwa mji wa mbali. Um Jon alichemsha maji. Mume wa Mama Kubwa alimwosha mtoto kwa mikono yake, akamswalia, na Um Jon akachimba, akawapa kona ya malisho, juu kidogo ya mto, chini ya ua wa miti ya miiba. Um Jon alitaka kuweka jiwe. Kwao maiti hawezi kuachwa bila jiwe na jina, alilia kwa ajili ya jiwe kuliko alivyolia kwa ajili ya mtoto. Mume wa Mama Kubwa akamwambia sisi tunasawazisha udongo, tunaondoka, Mungu anajua alipo. Akamwomba amwahidi hataweka alama yoyote. Akaahidi. "Halafu tukarudi hapa," Mama Kubwa akasema, "nikazaa wengine. Hata mwanangu huyu hajui alikuwa na dada." Aliniambia jina la mtoto. Kisha akasema kile alichokuwa anakiogopa. Wanajenga siku hizi. Wanalima kwa mashine. Labda wameweka barabara juu yake, labda nyumba, watu wanapika chai juu ya mtoto wake. Kijitabu kitasema. Ndiyo sababu kilikaa mwisho. "Sasa wewe unaondoka," akasema. "Na wajukuu zangu siwezi kuwapa wanisomee hiki."

Nikamwambia sitapanda ndege kabla sijamsomea. Nilisema tu, lakini nilikuwa nimeswali Asri muda huo huo na nilijiona nimeapa.

Vitabu nilivipanga mwenyewe kwenye boksi la maji ya kunywa, bahasha juu. Lori lilibeba vitu vikubwa, mizigo midogo ikaenda na Mutua kwenye gari kubwa la familia, sisi wanawake na watoto tukaenda kwa ndege na bosi. Jeddah ilitupokea na joto la kushika shati. Tulifungua maboksi siku nyingi. Birika, marashi na kifukizo vilitoka, ile AC ya zamani haikuja, na Mama Kubwa hakuizoea ile isiyonguruma. Boksi la vitabu hatukuliona. Madam alitafuta kwa kweli, hata akapiga simu kwa watu wa lori. Mafi, hakuna. Akasema labda limebaki barabarani. Mama Kubwa hakulalamika. Alikaa tu kwenye godoro jipya, viganja juu ya magoti, na baada ya Asri nilimletea kahawa tukakaa bila kitu cha kusoma. Tikiti yangu ilikuwa imeshakatwa.

Nilianza kumwona Mutua ananikwepa. Mutua ni Mkamba, Mkristo, mtu wa maneno mengi, na wiki hiyo alikuwa anaweka mboga mlangoni na kukimbia. Nikamvizia kwenye ngazi. "Mutua, boksi la maji ya kunywa." Akaangalia viatu vyake. "Maji yako jikoni." "La vitabu." Akatazama juu, akatazama chini, akaniambia, "Mama Rukia, unajua juu ya jalada kulikuwa na nini? Kanisa. Mnara, na msalaba juu ya mnara. Nikafungua, ndani kanisa lingine. Chini kengele." Nikasema basi? "Basi? Mimi naendesha peke yangu njia nzima Riyadh mpaka Jeddah, jina langu kwenye ikama, kibali cha kukaa, ni la Kikristo, boksi limejaa makanisa. Askari akinisimamisha nimwambie ni ya nani? Ya bibi Mwislamu wa Suwaidi? Nani ataamini?" Nikamuuliza kama alisimamishwa. Hakusimamishwa. Siku hizi hakuna mtu angemuuliza, lakini alipokuja nchi hii mara ya kwanza wenzake walimfundisha msalaba usionekane, na hofu hiyo ilikuwa imemkaa kama mtu aliyezoea kuinama mlango mfupi, hata ukipandishwa anainama. Kwa hivyo alipofika Jeddah alipitia kwanza Kandara, mtaa wa wageni wa huko, kwa vijana wa Kenya anaowafahamu, akaliacha huko. Halafu Mama Kubwa akaanza kuuliza, naye akaona akisema ataonekana mwizi. "Zipo salama," akasema. "Wanazisoma." "Nani anazisoma?" "Vijana. Walidhani ni vitabu vya ibada."

Nilipomwambia Mama Kubwa, aliuliza abaya yake iko wapi. Nikamwambia Mama, Mutua ataleta. "Ameshaleta mara moja," akasema. "Yalla, twende."

Kandara ni nyumba zimebanana, nguo zimeanikwa juu ya maduka ya simu, na watu wa kila nchi wanaongea kila lugha mlangoni. Mutua aliegesha mbele ya duka la kutengeneza viatu, akapanda ngazi. Sisi tulibaki ndani ya gari, AC imewashwa, Mama Kubwa amekaa nyuma wima kama amekuja kuposa. Alirudi na boksi na vijana wanne, wote wana aibu, maana mabosi hawaji Kandara. Boksi lilikuwa jepesi. Nikafungua kioo. "Mbona nusu?" Mmoja akatoa kijitabu mfuko wa nyuma. "Hii ya daraja bado sijamaliza, mama." Mwingine akatoa cha mafuriko. Wa tatu akasema, "Sisi tulikaa Ijumaa tukasoma sura nzima tunangoja neno lifike. Halifiki. Ni kondoo tu." "Si kondoo wako kwenye Biblia?" mwenzake akamjibu. "Wako, lakini si hawa wa kuhara." Mama Kubwa akaniuliza wanasema nini, nikamwambia, na mabega yake yakatikisika kidogo.

Bahasha haikuwemo. Nikauliza. Wakamsukuma mbele wa nne, kijana mrefu wa Bungoma anaitwa Wekesa, mfanyakazi wa mjengo, mikono imepauka kwa simenti. Alikuwa na kijitabu chenyewe chini ya shati, cha jalada la kijani. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. "Samahani, mama yangu," akasema. "Niliona haina mwenyewe. Na hii ndiyo ilikuwa nzuri, ni ya mashamba. Mimi ni mtoto wa shamba." Akakipitisha dirishani kwa mikono miwili. Halafu, kwa sababu alikuwa ameguswa na jambo hilo siku nyingi na hakuwa na wa kumwambia, akaendelea. "Lakini hawa watu sijawaelewa. Kuna shamba moja karibu na mto, udongo umekaa vizuri, maji hapo, ati halilimwi. Tangu zamani halilimwi. Nyasi tu. Mimi ningepanda mahindi, wallahi." Wenzake wakamcheka kwa wallahi yake. Mama Kubwa akageuza uso upande wangu. "Amesema nini huyo?" Nikamtafsiria, yote, na mahindi. Hakucheka. Akanishika mkono juu ya kifundo. "Soma," akasema. Nikamwambia Mama, twende nyumbani kwanza, tukatengeneze kahawa. "Soma hapa."

Basi nilisoma Kandara, ndani ya gari, fundi viatu anagonga nyundo nje. Mutua alikuwa kwenye usukani na alikuwa anasikia. Kwanza nikamsomea jina la mwandishi kwenye jalada. "Ni yeye," akasema. Um Jon alikuwa amepita shamba kwa shamba, kutoka juu ya bonde kuteremka. Kila moja na jina lake, na kwa nini linaitwa hivyo, nani aliliuza, nani aligombana na nani juu ya mpaka, mti upi ulipigwa na radi. Hakuna kitu hakukitolea sababu. Nikafika ukurasa wa mwisho. Niliusoma pole pole, na bado ninaujua kwa moyo. Shamba la mwisho kabla ya mto ni dogo, lina pembe tatu. Upande wa juu lina ua wa miti ya miiba. Ardhi yake haijawahi kulimwa, na familia yangu imeweka agizo kwamba isilimwe. Majani hukatwa mara moja kwa mwaka kwa mkono, kisha kondoo huachiwa. Nukta. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu.

Nikageuza upande wa pili. Jalada. Mama Kubwa alikuwa bado anangoja, kichwa kimeinama kwangu, na mtoto hakutajwa. Nilijua jina lake, na ilinijia kwamba ningeweza kuweka sentensi moja tu ya Kiingereza, fupi, kwamba hapo amelala binti wa wageni waliotoka mbali. Hakuna angejua. Ningepanda ndege na yeye angebaki na kitu. Nikashika kitabu. Nikakumbuka ng'ombe.

"Imeisha, Mama," nikasema.

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna."

"Amesema kwa nini halilimwi?"

"Hajasema. Ameweka nukta."

Nje fundi aligonga, akaacha, akagonga. "Rudia hapo pa agizo," akasema. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Halafu akavua miwani myeusi, na machozi yalikuwa yanatoka kwenye yale macho yasiyoona, lakini uso wake ulikuwa umetulia kama mtu aliyeshusha mzigo kichwani. "Yule mama ameandika mpaka mbwa," akasema. "Punda wa darajani ameandika. Alikuwa anakufa kwa hamu ya kuandika hili, namjua. Alimwahidi mume wangu hataweka alama. Na karatasi ni alama." Akapapasa ukurasa na kiganja, akapita juu ya maandishi akaenda mpaka kwenye ile sehemu nyeupe, na akaacha mkono hapo. "Alhamdulillahi. Bado analala vizuri." Kisha akamwambia Mutua, kwa Kiarabu, kwamba wale vijana warudishiwe kile cha daraja, yule hajamaliza.

Niliondoka baada ya siku tatu. Nyumbani nilirudi ngumbaru, nikamaliza, na nikawa mtu wa kuuliza wazee majina ya vijito mpaka Rukia anaona haya. Miaka baadaye nilirudi Riyadh kwa kafili mwingine, mwajiri mpya, kushona. Wao pia walikuwa wamerudi Suwaidi, na nilikuwa nikimtembelea Mama Kubwa sikukuu. Hatukusoma tena. Alisema ameshasikia vyote.

Juzi Mutua alinipitisha makaburini, nilimwomba. Wanawake hatuingii, tukasimama nje kwenye ukuta. "Mimi nilibaki getini siku ile," akasema. "Lakini hata ukiingia hutalijua. Yote ni udongo tu, sawasawa." Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Nikasoma Fatiha na dua zangu, yeye akavua kofia. Tukiwa tunarudi akaniuliza, "Mama Rukia, wewe si unapenda kuandika siku hizi? Andika habari ya huyu mama." Nikamwambia nitaandika.

Nimeandika. Bonde lina jina, limechapwa kwenye jalada la kijani, na jalada liko kwenye droo ya cherehani yangu pamoja na mikasi. Shamba lina jina. Mtoto ana jina, na nimelitaja kwenye kila swala tangu siku ile ya Suwaidi. Ukirudi nyuma ukatafute kwenye kurasa hizi, hutayaona.